Kipimo cha Chai

Mzee anayeweza kujipikia chai haruhusiwi kukaa na mlezi. Kila mwaka chuo humtuma mwanafunzi wa tiba ya shughuli za kila siku kwenda kumpima.

Tumsifu, mwanafunzi wa mwaka huu, aliketi jikoni kwa Bibi Mwanamvua, mwenye miaka themanini na mitatu. Mjukuu wake Zawena, ambaye ndiye mlezi, alisimama mlangoni. Kibao cha kielektroniki cha ukutani kilirekodi kila tendo.

Bibi aliinua birika la chai kwa mikono inayotetemeka. Tumsifu akanong'ona, "Bibi, mwaga kidogo tu. Ukimwaga, Zawena atabaki."

"Nimwage chai mbele ya mgeni? Ndivyo ulivyofundwa kwenu?"

"Bibi, tafadhali, mwaga!" Zawena alisihi.

"Nyamaza. Huyu hajanywa kitu tangu aingie."

Akamimina hadi ukingoni, bila tone kudondoka. Kibao kikaandika: Anajiweza. Zawena akaenda kukunja nguo zake, kwa kuwa mzee mwingine alikuwa akimngoja.

Bibi alimtazama Tumsifu akinywa. "Imekolea?"

"Imekolea sana, Bibi."

"Zawena akienda sokoni, hata jiko siwashi. Nimpikie nani?" Akavuta kigoda, akaketi. "Wewe utarudi lini?"

"Mwakani, Bibi."