Kilo Mbili za Mwisho

Dismas alitema mate ndani ya kikombe, akachungulia yametoka kiasi gani. Hayakufika hata nusu kijiko.

"Nimekauka," alisema. "Njoo unishike, mama Aurore. Nipime."

Otilia alivua kandambili mlangoni, akaingia bafuni. Mvuke ulikuwa umejaa hata kioo hakionyeshi kitu. Alisimama nyuma ya mumewe, akamshika kiuno kwa mikono miwili asije akaanguka, kama alivyofanya wiki nzima. Mbavu zilihesabika. Dismas alipanda mzani, akainama kuisoma sindano kwa macho yake mwenyewe, maana kwa jambo hili hakumwamini hata malaika.

"Hamsini na nne."

"Mzani hauongopi, baba Aurore."

Alitakiwa awe hamsini na mbili. Saa kumi jioni kulikuwa na mbio kubwa kuliko zote za mwaka, na uwanja wenyewe ulikuwa mwendo wa dakika kumi kwa gari kutoka kwenye ghorofa lao la Rexdale. Farasi aliyepewa ndiye aliyekuwa midomoni mwa kila mtu. Akizidi uzito, farasi huyo angepandwa na mwingine.

Dismas alikuwa bingwa kwa miaka sita. Alifika Kanada akiwa na miaka kumi na saba, ametoka kambi ya wakimbizi Kigoma, akaanza kwa kuzoa mavi mabandani. Mwili mdogo, kichwa kigumu. Siku walipompandisha juu ya farasi ndiyo hakushuka tena. Sebule nzima ilijaa picha zake akinyanyua vikombe. Kanisani walimwombea kila Jumapili, na hao hao waliomwombea walisema anaringa, eti hali chakula kwenye sherehe zao.

Lakini figo zilikuwa zimechoka. Mwezi uliopita daktari aliwaketisha wote wawili, akawaeleza taratibu kwamba akijikausha hivi tena, moyo unaweza kusimama. Otilia, ambaye kazi yake ni kuwaogesha wazee wa watu kwenye nyumba ya kulelea, alielewa kila neno. Dismas alisikia neno moja tu, "unaweza". Akasema basi unaweza pia usisimame.

Waligombana siku tatu, mwishowe wakapatana. Hizi ziwe mbio za mwisho. Tena, ikifika saa nne asubuhi ya siku yenyewe na mzani haujakubali, atampigia simu Kimani, wakala wake, amwambie ameshindwa, na farasi aachane nao kabisa. Aliapa kwa jina la binti yao.

Sasa saa nne ilikuwa imefika. Aurore alikuwa amekwenda kanisani na jirani. Otilia alichukua simu juu ya sinki, akampa mumewe, na moyo ukamdunda kwa furaha aliyoionea aibu.

Dismas aliitazama ile simu. Kisha akairudisha pale pale.

"Nipe saa mbili."

"Uliapa!"

"Saa mbili tu, mke wangu. Mwili huu naujua, unaleta ubishi tu."

Alivaa sweta mbili, juu yake akavaa mifuko ya taka, akaibana kwa selotepu kwenye vifundo vya mikono na miguu. Akatoka kwenda kupanda ngazi, ghorofa kumi na nne, juu na chini. Otilia alibaki ameshika mlango. Alikuwa na neno la kumwambia. Lakini akajiambia atachoka mwenyewe.

Jikoni, chai ya maziwa na tangawizi aliyompikia alfajiri ilikuwa imefanya utando juu.

Dismas alirudi akitambaa. Aliingia tena kwenye beseni la kuogea, maji ya moto na chumvi, akakaa humo mpaka midomo ikapasuka. Jasho halikutoka tena. Otilia aliliona hilo.

"Toka, baba Aurore. Nakuomba. Tuna mtoto."

"Nipime."

Alimshika kiuno. Alikuwa mwepesi mikononi mwake, na ngozi ilikuwa kavu kama karatasi. Sindano ilicheza, ikapanda, ikashuka.

"Hamsini na mbili!" Sauti ilikuwa imekwisha, lakini alicheka. Kisha akalia, na machozi hayakutoka. "Umeona? Nilikwambia!"

Otilia alimkumbatia kwa nyuma, akashindwa kumwachia. Chini, Kimani alikuwa tayari anapiga honi.

Mbio Otilia alizitazama kwenye televisheni, amesimama. Dismas aliongoza mpaka kona ya mwisho. Hapo, bila kuguswa na mtu wala farasi kujikwaa, aliteleza taratibu kutoka kwenye tandiko, kama mtu aliyepitiwa na usingizi.

Kimani alipiga simu kutoka hospitali saa kumi na mbili.

"Shemeji, pole. Ametuacha." Alipenga kamasi. "Lakini mimi sielewi. Pale uwanjani walimpima mara mbili, hawakuamini. Alikuwa kilo hamsini tu! Ilibidi watie vipande vya madini ya risasi kwenye tandiko ndiyo uzito utoshe. Si angekunywa hata chai? Kwani huo mzani wenu wa nyumbani ulimwambia nini?"

Otilia aliweka simu chini. Alivua kandambili mlangoni, akaingia bafuni. Akasimama nyuma ya mzani, pale pale aliposimama wiki nzima, akaweka kidole gumba cha mguu kwenye ukingo wake, akakandamiza kidogo tu, kwa mazoea.

Sindano ilipanda mpaka kilo mbili, ikatulia.