Mpinzani wa Mwaka Huu

Kisiwani kwao kila nyumba ni bunge, na kila mwaka kura humwangukia mmoja awe mpinzani. Akikosa kupinga hoja hata moja, kisanduku cha ukutani kinachosikiliza huita gari. Ndivyo alivyochukuliwa mume wa Mwanakombo, siku mkewe aliposema pilau imekolea, naye akaitikia.

Mwaka huu kura imemwangukia binti yao, Subira, mtoto wa miaka sita. Basi mama mtu amejifunza kutoa hoja kinyume.

“Mama yako hakupendi.”

“Siyo!” Subira akacheka.

“Wewe mtoto mbaya.”

“Siyo!”

Mwanakombo naye akatamani kuliwazwa, japo kwa neno hilo moja.

“Baba yako hatarudi.”

Subira akatazama kiti kitupu, akainamisha kichwa, asiseme kitu.

“Sema siyo, mwanangu! Sema!”

Nje, gari likasimama.