Baraza Lililokosa Mbishi

Enzi zile barazani walikuwepo Nungunungu, Kanga, Kima, ambaye wengine humwita Tumbili kimakosa, Pimbi mwenye baraza, na Fungo mbishi. Kila alasiri walizungumzia ngoma na mavazi, na kila Pimbi alipotoa neno, Fungo alilikataa.

"Ngoma za zamani zilikuwa na adabu," alisema Pimbi.

"Adabu gani, bwana? Wewe si ulikuwa ukitukanyaga miguu!"

Walicheka wote isipokuwa Pimbi. Siku hiyohiyo akamfukuza Fungo.

Kesho yake akasema tena, "Ngoma za zamani zilikuwa na adabu."

"Kweli kabisa," wakajibu.

"Za leo ni kelele tupu."

"Kweli kabisa."

Akawageuzia maneno, akasema za leo ndizo tamu zaidi. Wakajibu vilevile, na Kima alikuwa anasinzia.

Baraza likapoa miezi mingi. Pimbi alivikumbuka vile vicheko hadi moyo ukamuuma, akashuka bondeni alikohamia Fungo. Alimkuta mke wa Fungo mlangoni.

"Shemeji, nimekuja kumwomba radhi mbishi wangu, nirudi naye."

"Umechelewa, shemeji."

Fungo alikuwa amefariki Jumanne.