Mirunda ya Turubai

Semboja aliingia uani akipokea hongera za harusi ya bintiye, akaegemea mrunda mmoja, mti uliosimikwa kushikilia turubai. Kiganja kikakwaruzika. Alipoutazama, aliona matone makavu ya saruji. Wa pili nao ulikuwa nayo. Yote ilikuwa nayo.

"Mwanahawa, mirunda hii mmeitoa wapi?"

"Si kule nyumba mpya, kaka, chini ya zege lako," dada yake alijibu akicheka. "Tulikosa pa kuazima. Wala usihofu, limekauka. Nimepanda juu nikaligonga kwa mchi, likalia kama jiwe."

Semboja alilimwaga mwenyewe zege hilo la dari wiki iliyopita, likishikiliwa na mirunda hiyo. Juu lilikuwa gumu kweli, lakini lilikuwa bado halijapata nguvu ya kujibeba.

"Na bibi harusi yuko wapi?"

"Kulekule chini ya zege, anapambwa na wenzake. Pana ubaridi mzuri."

Semboja aling'oa mrunda, akautupa begani, akakimbilia nyumba mpya. Nyuma yake turubai likabonyea, ngoma ikakolea, na wanawake wakampigia vigelegele, wakidhani baba wa bibi harusi ameanza kucheza.