Alichoota Salha

Siku hizi lango la kiwanda humfungukia mfanyakazi akilinong'oneza wazo jipya, na halikubali lililokwisha kusikika. Mashavu, mchora kanga, alianza kumshuku mumewe, mfanyakazi mwenzake wa kiwanda hicho, aliyekuwa akimwamsha binti yao kila asubuhi kwa upole usio wa kawaida. Leo alimwahi mumewe chumbani kwa mtoto.

"Salha, baba yako huwa anakuuliza nini?"

"Nimeota nini. Kasema nisikwambie, utamwibia."

Mashavu alicheka. Jana lango lilimkataa, na likimkataa tena leo hana kazi. Bafuni mumewe alikuwa bado anaoga. Akaketi kitandani, akamvuta mtoto karibu.

"Na usiku huu je, mwanangu?"

Salha akavuta shuka hadi machoni.

"Sikuota kitu, mama."