Ushauri wa Fundi Sumari

"Usinipe mkononi, mshenzi! Weka mezani, nitachukua mwenyewe."

Sumari akaiweka bastola mezani, kando ya bastola nyingine. Alikuwa Mmeru, fundi wa silaha aliyejifunza kazi jeshini wakati wa vita, na sasa alitengeneza bunduki katika duka moja mjini Arusha. Kwa miaka minne alikuwa amezoea matusi ya wateja. Ya Bwana Rodwel, setla wa Oldonyo Sambu, hayakuzoeleka.

Kibali cha Bwana Rodwel kilikuwa cha bastola moja, na dukani zilibaki mbili. Zilikuwa za aina ileile, ila moja ilikuwa toleo la zamani, imechubuka rangi, na ya pili toleo jipya, nyeusi, inang'aa.

"Wewe fundi, sema. Ipi nzuri?"

"Bwana anaitaka kwa kazi gani?"

"Kesho asubuhi navunja vibanda vilivyobaki shambani kwangu. Wote wamehama, isipokuwa kizee mmoja, Tabea. Ameapa atafia mlangoni." Bwana Rodwel akacheka. "Basi afie."

Abasi, karani wa duka, akaacha kuandika. Sumari aliichukua ile bastola ya zamani, akaingia nayo chumba cha nyuma, akakaa huko kitambo. Aliporudi alikuwa akiifuta mafuta, na jasho lilimtoka.

"Chukua hii, bwana."

"Hilo kuukuu?"

"Hii ina kishikio juu ya nyundo hii ya nyuma inayogonga risasi. Unaivuta nyuma kwa kidole gumba, halafu ukigusa tu kifyatulio, inafyatuka. Mkono hautikisiki. Kwenye hii mpya kishikio wamekikata. Lazima uvute kifyatulio kwa nguvu nyingi, na mtutu unayumba. Asiyefundishwa hapigi kitu."

"Unasema mimi sijui kupiga?"

"Nasema chukua ya zamani, bwana."

Bwana Rodwel alimkazia macho. Akaitazama ile bastola ya zamani, akautazama mlango wa chumba cha nyuma.

"Kwa nini unataka sana niichukue?"

"Ndiyo nzuri, bwana. Nakusihi."

"Unanisihi!" Alimchapa fimbo ya begani. "Nimekaa na watu wenu miaka kumi na mbili, sijasikia neno moja la kweli. Nifungie hiyo mpya."

Sumari akaifunga kwa karatasi, taratibu. Setla alipotoka, Abasi alishusha pumzi, lakini hakuthubutu kuuliza. Ile ya zamani ilibaki mezani, na siku nzima hakuna aliyeigusa.

Kesho yake mchana, Lengai, mchunga mifugo wa Oldonyo Sambu, aliingia dukani akitweta.

"Sumari! Mama yako mzima!"

Sumari akashika ukingo wa meza.

"Mzungu alisimama mbele yake, hatua kumi hivi, akapiga risasi zote sita. Nne zimeingia kwenye paa, moja kwenye mgomba, moja imeua mbuzi. Mama Tabea hata hakuondoka mlangoni. Yule bwana alipokuwa akitafuta risasi nyingine, tulimrukia watu wanane tuliokuwa tukichunga karibu. Tumempeleka polisi yeye na bastola yake."

Sumari aliketi sakafuni, akajifunika uso kwa mikono, akalia kama mtoto.

Lengai alipokwenda kunywa maji, Abasi alichutama karibu na Sumari. Alinong'ona huku akiiangalia ile bastola ya zamani kwa mbali, kama mtu aangaliaye nyoka.

"Ndugu yangu, ile uliitega nini? Ingemlipukia usoni?"

"Niliipaka mafuta tu. Haina ubaya wowote."

"Sasa kwa nini ulimng'ang'aniza aichukue?"

Sumari alijifuta machozi.

"Kwa sababu kweli ndiyo nzuri. Nisingemwambia, angezijaribu mwenyewe, akaichukua."