Ng'ombe Mwenye Ndevu

Hajra alikuwa amekwisha kufungua vitabu sita katika maktaba ya Nachingwea, na ng'ombe wote waliochorwa humo walisimama kiubavu, wamekodoa macho kama wanaopigwa picha ya kitambulisho. Wa namna hiyo ndiye ambaye Hajra alimchora kwenye ukuta wa bucha kule Ruangwa, akimnakili kutoka kwenye simu. Mwenye bucha, Msukuma aliyekulia zizini, alimtazama ng'ombe yule, akatikisa kichwa.

"Dada, ng'ombe huyu hana mwenyewe. Nichoree mwingine."

Kitabu cha saba kilikuwa cha sayansi, kimeshikiliwa na gundi. Pembeni mwa ukurasa mmoja palikuwa na ng'ombe mdogo wa penseli. Alikuwa amegeuza shingo kama aliyeitwa kwa jina, na kidevuni alikuwa na ndevu za mbuzi.

Hajra akaziba mdomo kwa mtandio asicheke. Ng'ombe yule alimchora mwenyewe, ndevu na yote, akiwa darasa la tano, wiki ambayo kundi la kwanza la ng'ombe lilipita kijijini kwao Mtua. Aliwaona kwa mbali, ndevu akazibuni.

Lakini shingo hakuibuni. Mchungaji alipiga mluzi, ng'ombe mmoja akageuka, na yeye akaiona.

Akaipitishia kidole ile shingo, taratibu, mara mbili.

"Miaka yote hii namtafuta anayechora kwenye vitabu vyangu," mkutubi mzee alisema nyuma yake. "Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi, baba," alijibu Hajra, akikunjua mezani karatasi yake ya kuchorea. "Naomba penseli."